Anza chini, panda juu: jinsi ya kufuata uchafu wa viwandani ndani ya mabomba ya majitaka

Kila wanapoingia vijana wapya kwenye kazi ya majitaka, maswali ni yale yale. "Maabara imeona kromiamu kwenye mtambo, nianzie kiwanda gani?" "Nimechukua sampuli mara tatu sioni kitu, ina maana kimekwisha?" "Naruhusiwa kuingia kiwandani?" Nimeyaandikia majibu mahali pamoja. Mwongozo huu ni wa fundi wa majitaka, afisa mazingira wa manispaa na mwanafunzi aliye kwenye mafunzo ya kazi. Mifano mingi ni ya Kampala. Ukiwa Jinja, Mbarara au Lira kazi ni hiyo hiyo, ila mabomba yako ni mafupi na utamaliza mapema.

Jibu la swali la kwanza nalitoa sasa hivi: usianzie kiwandani. Anzia chini, pale maji yanapoingia kwenye mtambo wa kusafishia majitaka, kisha panda na bomba, tawi kwa tawi, mpaka likufikishe getini. Anayeanzia getini amekwisha kumshuku mtu, na mwenye kushuku hutafuta ushahidi wa kumfunga yule yule tu.

Nadharia ni fupi. Mtambo wa sasa wa Bugolobi, unaosafisha majitaka ya Kampala, ulijengwa kupokea mita za ujazo 45,000 kwa siku, na kazi kubwa ndani yake inafanywa na vijidudu. Vijidudu hula kinyesi na mabaki ya chakula. Risasi na kromiamu hawazili. Metali hizo ama zinapita na maji kuelekea Ghuba ya Murchison, ambako mitambo ya Ggaba nayo inavuta maji ya kunywa, ama zinabaki kwenye tope ambalo likikauka wakulima wanalitaka kwa mbolea. Zikizidi, zinawaua vijidudu wenyewe, na hapo mtambo mzima unanuka na gesi ya kuzalisha umeme inapungua.

Uwe na nini kabla ya kutoka ofisini

- Ramani ya mabomba inayoonyesha chemba (mashimo yenye vifuniko ya kukagulia bomba), kipenyo na mwelekeo wa maji. Ya NWSC, shirika la taifa la maji na majitaka, ni mahali pa kuanzia, lakini tembea uihakiki. Kuna chemba zilizofunikwa na lami, na kuna mabomba yaliyounganishwa usiku bila karatasi.
- Orodha ya viwanda na karakana zote za eneo lako, pamoja na kile kinachotumika ndani yake. Usiandike "kiwanda cha rangi" ukaishia hapo, andika kemikali. Usiwasahau wadogo: gereji, waosha magari, wachapishaji, mafundi wa betri, wapaka kromu. Hawa hawana bango barabarani.
- Kipima pH, joto na upitishaji umeme wa maji. Kama bajeti inakuruhusu kununua kitu kimoja tu, nunua hiki.
- Ndoo yenye kamba, fimbo ndefu yenye kikombe, chupa za plastiki na za kioo, boksi la barafu, lebo, kalamu isiyofutika na maji.
- Asidi ya nitriki, asidi ya salfuriki na kostiki soda za kuhifadhia sampuli. Maabara nyingi zitakupa chupa zikiwa tayari na dawa ukiomba mapema.
- Kipima gesi cha aina nne: oksijeni, gesi zinazolipuka, kaboni monoksaidi na gesi ya mayai viza (hidrojeni salfaidi).
- Glavu ndefu, buti, miwani, fulana ya kung'aa, koni za barabarani na mtu wa pili. Chanjo ya homa ya ini aina ya B na ya pepopunda ziwe zimekamilika.

Onyo ambalo sitalirudia

Usiingie ndani ya chemba. Kila kitu katika mwongozo huu kinafanyika ukiwa umesimama juu. Gesi ya mayai viza ukiinusa kidogo inanuka sana, lakini ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni pua inakufa ganzi na unadhani imeondoka. Hapo ndipo mtu huanguka, mwenzake anashuka kumwokoa, na wanatolewa wawili. Shusha kipima gesi kwa kamba kwanza, kila chemba, kila mara. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 19.5 au king'ora kikilia, sogea upande upepo unakotoka na uache chemba wazi. Hairuhusiwi sigara karibu na hapo, hata ya mpita njia.

Hatua za kazi

1. Jua unachokitafuta na kilianza lini. Kaa na rekodi za mtambo kwanza. Je, ni metali, mafuta, asidi au mzigo mkubwa wa uchafu unaooza? Kinakuja kila siku, siku za kazi tu, au usiku? Kinachopungua Jumapili kinatoka kwa watu wanaopumzika Jumapili. Kisichobadilika wiki nzima huenda kinatoka majumbani, au kiwandani kunakofanya kazi zamu tatu. Mpaka ujibu maswali haya usifungue chemba hata moja.

2. Hakikisha ni bomba la majitaka kweli. Kosa hili ni la wengi. Mfereji wa Nakivubo ni wa maji ya mvua, ingawa kwa rangi na harufu yake mgeni hawezi kuamini. Sehemu ndogo tu ya Kampala imeunganishwa na mabomba ya majitaka. Viwanda vingine vinamwaga mtaroni, vingine vina mashimo yao yanayonyonywa na malori. Kwa kila kiwanda kwenye orodha yako andika neno moja: bomba, mtaro, au lori. Ukiwa na shaka, mimina rangi ya kufuatilia (ile ya kijani inayong'aa, fluoresini) kwenye sinki au choo cha kiwanda kwa ruhusa ya wenyewe, mtu wa pili akiwa amesimama kwenye chemba inayofuata. Waarifu mtambo na watu wa mazingira kabla, ama simu zitalia mji mzima.

3. Gawa mtandao kwenye matawi. Chora mti: shina ni bomba kuu linaloingia mtamboni, kila tawi ni bomba linaloungana nalo. Chagua chemba moja ya mwisho katika kila tawi, kabla tu halijaungana na shina. Siku ya kwanza ukiwa na matawi sita unahitaji chemba sita, si sitini. Tawi lenye uchafu ndilo unalopanda, mengine unayaacha. Ndani yake unarudia hivyo hivyo.

4. Pima kwanza kwa mkono, kabla ya maabara. Pita chemba zote ulizochagua na kipima chako katika saa moja au mbili. Majitaka ya nyumbani huwa na pH kama 6.5 hadi 8. Ukikuta 4 au 11, mtu ameonekana. Upitishaji umeme ukiruka ghafla maana yake kuna chumvi nyingi: viwanda vya ngozi, vya nguo, au mashine za kulainisha maji. Maji ya moto asubuhi na mapema hayatoki bafuni mwa mtu.

Chungulia pia kuta za chemba. Zege likiwa limeliwa juu, karibu na kifuniko, hiyo ni kazi ya gesi ya mayai viza na huenda haina uhusiano na kiwanda. Likiwa limeliwa chini, pale maji yanapopita, mtu anamwaga asidi.

5. Chukua ute wa ukutani. Hatua hii watu wanairuka, na kwangu ndiyo inayookoa pesa nyingi kuliko zote. Ndani ya bomba, kwenye ukuta unaoloweshwa na maji kila siku, kuna utando wa utelezi wa vijidudu. Ute huo unanasa metali wiki baada ya wiki. Maji yaliyopita usiku wa Jumanne yamekwenda na hutayaona tena, lakini ute bado unayo habari yake. Wajerumani wameutumia kwa miongo mingi kuwafuata wamwaga zebaki na metali nyingine mjini.

Funga kijiko cha plastiki kwenye fimbo, si cha chuma, kwa sababu chuma nacho kina metali zake. Kwangua ute kutoka urefu ule ule wa ukuta katika kila chemba, juu kidogo ya maji ya saa za utulivu na chini ya alama ya maji ya saa za wingi. Vijiko viwili vya chakula vinatosha. Usichukue gamba la mafuta lililoganda juu zaidi, hilo ni jambo jingine. Andika siku bomba liliposafishwa mara ya mwisho: ikiwa ni wiki iliyopita, ute ni mchanga mno, rudi baada ya wiki nne hadi sita. Ukuta ukiwa mtupu, tundika vipande vya plastiki vilivyokwaruzwa na msasa, viache muda huo huo, kisha ukwangue.

Maabara itakupa miligramu kwa kilo ya ute mkavu. Linganisha chemba ya juu ya kiungio na ya chini yake. Ikiwa juu zinki ni ya kawaida na chini ni mara kumi, kilichoingia katikati ndicho unachokitafuta. Ute hauwezi kukwambia ni kilo ngapi kwa siku wala saa ngapi, na haufai kuwa ushahidi pekee dhidi ya mtu. Kazi yake ni kukupunguzia njia.

6. Sasa chukua maji, kwa saa zake. Sampuli ya mara moja inakupa picha ya dakika moja. Inafaa kwa pH, mafuta, sianidi na kumkamata mtu anapomwaga. Kwa mzigo wa siku unahitaji sampuli mchanganyiko: chota kila saa kwa saa 24 na uchanganye, ikiwezekana kwa kulingana na wingi wa maji wa kila saa. Mashine ya kuchota yenyewe ikiwepo, ifunge kwa mnyororo na uiachie mlinzi. Kama haipo, vijana wawili wa zamu na saa ya mkononi wanaweza.

Usichote saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni tu kwa sababu ndizo saa za ofisi. Viwanda hununua umeme wa usiku kwa bei nafuu kuliko wa jioni, kwa hiyo vingi hukesha. Matangi ya kuoshea hufunguliwa mwisho wa zamu. Mvua kubwa za Machi hadi Mei nazo zina wateja wake: maji yakiwa mengi kuna mkono unaofungua valvu ukitumaini yatachanganyika. Lakini kwa kipimo chako cha msingi chagua siku kavu, maana vifuniko vyetu vinavuja na mabati ya mapaa yanaleta zinki yake.

Hifadhi hivi, usikisie:

- Metali: chupa ya plastiki, asidi ya nitriki hadi pH iwe chini ya 2.
- COD (oksijeni inayohitajika kuvunja uchafu kwa kemikali): asidi ya salfuriki, pH chini ya 2, kwenye barafu.
- BOD (oksijeni inayotumiwa na vijidudu kula uchafu): barafu tu bila dawa, ifike maabara ndani ya saa 48, na ikiwa siku hiyo hiyo ni bora.
- Mafuta: chupa ya kioo ijazwe moja kwa moja, usihamishe kutoka ndoo, mafuta yatabaki kwenye ndoo.
- Sianidi: kostiki soda hadi pH ipite 12. Asidi usiiguse hapa. Asidi na sianidi hutoa gesi inayoua.
- Kromiamu ile kali ya aina ya sita: barafu bila asidi, na ipimwe ndani ya saa 24.

Beba chupa moja ya maji safi ya maabara, uifungue na kuitia dawa papo hapo kama nyingine. Ikirudi na metali, tatizo ni chupa au dawa yako.

7. Pima wingi wa maji. Bila wingi huna kesi. Kama huna mita, tumia chungwa: litupe kwenye chemba ya juu, hesabu sekunde mpaka chemba ya chini, gawanya umbali kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85 kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Pima kina kwa fimbo, na kwa kipenyo cha bomba utapata eneo la maji. Eneo mara kasi ni wingi. Ni makisio, lakini yanatosha kutofautisha tawi kubwa na dogo.

8. Piga hesabu ya mzigo. Miligramu moja kwa lita, mara mita moja ya ujazo, ni gramu moja. Mfano wa kufundishia: bomba kuu linapitisha mita za ujazo 12,000 kwa siku zenye kromiamu miligramu 0.4 kwa lita, sawa na kilo 4.8 kwa siku. Tawi la kwanza lina 9,000 zenye 0.05, yaani kilo 0.45. La pili lina 3,000 zenye 1.45, yaani kilo 4.35. Jumla inarudi 4.8, basi panda la pili. Ingerudi kilo 2 ungejua kuna tawi hujaliona kwenye ramani.

Wageni hukimbilia namba kubwa ya miligramu. Karakana ndogo yenye miligramu 3 kwa lita ikitoa mita za ujazo 200 ni gramu 600. Kiwanda chenye 0.5 tu lakini kinachotoa mita za ujazo 6,000 ni kilo 3. Wote wanahitaji kuonywa, ila mtambo unaumizwa na wa pili.

9. Soma kundi, si kitu kimoja. Kromiamu pamoja na salfaidi, chumvi nyingi na nywele: ngozi. Kromiamu na nikeli na asidi, bila uchafu wowote unaooza: wapaka kromu. Risasi na salfeti na pH ya chini: betri. pH inayopanda na kushuka kama bembea pamoja na harufu ya hamira: bia. Maji meupe yanayochachuka: maziwa. Wekundu, mafuta, amonia na majani ya tumboni mwa ng'ombe: machinjio. Povu na pH ya juu: sabuni, au chupa za soda zinaoshwa.

10. Hesabu muda wa safari. Majitaka hutembea kama mita 0.6 hadi 1 kwa sekunde. Kilomita tatu kwa 0.6 ni dakika 83. Kama kilele kinafika mtamboni saa kumi alfajiri, kilimwagwa baada ya saa nane na nusu usiku. Linganisha na zamu za viwanda vya tawi hilo.

11. Nenda kiwandani sasa, ukiwa na mtu mwenye mamlaka. Wewe peke yako huna haki ya kuingia. Nenda na mkaguzi wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, au afisa wa NWSC mwenye kitambulisho. Sheria ya Mazingira ya 2019 na kanuni za 2020 za maji yanayomwagwa ndizo msingi kwa anayemwaga mtoni au ardhini. Anayemwaga kwenye bomba anabanwa na makubaliano yake na shirika, kwa hiyo soma mkataba wake usije ukatumia kipimo kisichomhusu. Chota kwenye chemba yake ya mwisho kabla ya bomba la umma, gawa sampuli mbili, moja umwachie, na mjaze karatasi ya makabidhiano kwa saini zote. Omba bili za maji: anayenunua mita za ujazo 500 na kudai anatoa 50, bia au soda yake iwe imebeba zilizobaki, la sivyo kuna bomba jingine.

Salimia vizuri na usikilize. Mhandisi atakuonyesha mtambo mdogo wa kusafishia unaong'aa. Mzee anayefagia ua ndiye atakayekuambia unawashwa lini.

Ukikwama

*Ute una metali, maji hayana.* Anamwaga kwa vipindi. Acha kipima pH na upitishaji umeme kinachorekodi chenyewe kwa wiki mbili, kisha chota kwenye saa zilizoruka.

*Maji yana metali mtamboni, matawi yote safi.* Angalia malori. Yale ya kunyonya majitaka yanamwaga kwenye mitambo ya Bugolobi na Lubigi, na Lubigi tangu 2014 ina sehemu yake ya kupokea tope la vyooni. Lori lililonyonya choo asubuhi linaweza kunyonya tangi la kiwanda mchana. Pima pH na upitishaji umeme wa kila lori kabla halijafungua, andika namba yake na lilikotoka.

*Namba za marudio hazilingani.* Koroga ndoo kabla ya kujaza chupa. Metali nyingi husafiri zikiwa zimeshikamana na chembe, na chembe huzama ukiongea.

*Metali ipo kidogo kidogo kila tawi.* Shaba na zinki za mabomba na mabati ya nyumbani zipo kila mahali. Chukua mtaa wa makazi usio na kiwanda uwe kipimo chako cha kawaida, kisha utafute kinachozidi hapo.

*Mabwawa yamebadilika kutoka kijani kuwa zambarau au waridi.* Kwenye miji yenye mabwawa hii ni dalili ya uchafu unaooza na salfaidi kuzidi. Tafuta machinjio, ngozi na samaki kabla ya kutafuta metali.

*Barua imepelekwa, maji yamesafika mara moja.* Kwangua ukuta wa chemba yake mpaka uwe safi, au tundika vipande vipya juu na chini ya kiungio, urudi baada ya wiki sita. Kama cha chini bado kinazidi, amehamisha saa. Kama vyote viwili vinalingana na mtambo bado unalalamika, rudi hatua ya tatu ukachukue tawi la pili kwa ukubwa wa mzigo.